Mluzi Ambao Gaspari Hakuusikia

Winfrida alishuka kwenye bodaboda pale stendi ya Mkiwa akiwa amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kwenye blanketi, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliuliza kibanda cha fundi redio, akaonyeshwa. Kibanda cha Gaspari kimepakana na changu mimi ninayeshona. Katikati yetu kuna bati moja tu, na yeye akikohoa kwake, mimi kwangu namwambia pole.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibu."

Akafungua blanketi. Ndani kulikuwa na gramafoni, ile mashine ya zamani ya kupigia santuri, yenye sahani inayozunguka na mkono wenye sindano. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Alute wa Mungaa. Mzee alikuwa kitandani. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na jinsi walivyomrudisha, kila mtu alielewa. Hakuwa anaomba chakula wala dawa. Aliomba asikie santuri moja, ya kwaya ya kanisa aliyoimba marehemu mkewe, Severina, enzi za usichana wake. Severina ndiye aliyeongoza. Picha zake ziliungua nyumba ilipowahi kushika moto, ikabaki ile sauti tu.

"Mashine inazunguka, fundi, na kuimba inaimba," Winfrida alisema. "Lakini inapiga mluzi. Tena mama akianza tu kuimba, mluzi unamfunika. Baba anageukia ukutani. Sikiliza mwenyewe."

Akaichomeka. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi za shule, nikaacha kukanyaga cherehani. Mluzi ulipita kwenye bati ukaniingia kwenye meno: mwembamba, mkali, usiokoma, kama mtu anayekwaruza sufuria kwa ncha ya kisu.

"Umesikia?" Winfrida aliuliza.

Gaspari alikuwa ameinama, uso karibu na sahani.

"Nimesikia. Ni mkanda huo. Umechoka. Niachie."

Chini ya sahani kuna mkanda wa raba unaotoka kwenye mota, na huo ndio unaoizungusha sahani, kama mkanda wa cherehani yangu unavyozungusha gurudumu. Kwa hiyo alichosema Gaspari kilikuwa sahihi. Lakini hakuwa amesikia chochote. Alibahatisha. Siku ile mimi sikujua.

*

Gaspari ni mtu wa hapa hapa. Ujanani aliendesha mashine ya kusaga, ya dizeli, akashinda kwenye ngurumo ile miaka mingi, na muda wa mapumziko akawa anafungua redio za watu na kujifunza. Mashine ilipouzwa akajenga kibanda. Zamani redio zilipangana mlangoni kwake kama watu wanaosubiri zahanati. Siku hizi analetewa sabufa, redio za flash, taa za sola na chaja za simu. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa inayoshika skrubu ndogo bila kutetemeka.

Masikio yalianza kumwacha polepole. Vilivyotangulia kuondoka ni vitu vyembamba: vifaranga, kengele ya baiskeli, watoto wakicheza, mlio wa simu mfukoni. Vitu vizito vilibaki. Lori likipita alilisikia. Mwanamume akimwambia neno kwa sauti nzito, alilipata. Mwanamke akisema, alipata kipande, kilichobaki akakikisia. Na mwanamke wa nyumbani kwake ni Emiliana, ambaye sauti yake ni nyembamba kuliko ya mwanamke yeyote ninayemjua.

Hakumwambia mtu. Baba yake mdogo alikuwa kiziwi uzeeni, na Gaspari aliona mambo aliyotendewa. Watu walimsema vibaya naye amekaa hapo hapo, wakicheka. Kwenye sherehe chakula kilimfikia wakati wengine wananawa. Halafu kulikuwa na jambo la pili lililomnyima usingizi: fundi redio asiyesikia, nani atampelekea redio yake? Kwa hiyo akajifunza kusema "sawa", "niachie", "tutaona". Wenzake wakicheka, naye alicheka. Ilimtosha kwa muda mrefu.

Emiliana hakuliona hivyo. Alikuja siku moja akakaa kwenye benchi langu, kitenge kimelegea begani, akaongea akiangalia barabara.

"Mama Jesca, mume wangu amenichoka."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Hanipigi, hanitukani. Ila akija mwanamume hapo kibandani, anamjibu vizuri, wanaongea mpaka mtu anaondoka. Mimi nikisema naye, nasema na ukuta. Wakati mwingine anaondoka nikiwa katikati ya neno."

Nikamwambia wanaume ndivyo walivyo. Nilijuta baadaye kwa jibu lile la kivivu.

"Hapana," alisema. "Wakati mama alipolazwa, nilikwenda kumwambia. Alikuwa ameinama na redio yake. Nikamwambia, Baba Gerald, mama amezidiwa, amelazwa, naondoka sasa hivi. Unajua alinijibu nini? 'Weka hapo hapo.' Mama yangu, Mama Jesca. Weka hapo hapo."

Alikwenda peke yake. Gaspari alipata habari kwa watu wengine, akafuata akiwa amechelewa, na wakwe zake wakampokea kama mtu asiye na utu. Hakujitetea. Angejitetea kwa kusema nini? Mama mkwe alipona akarudi nyumbani, lakini Emiliana alibaki na jambo lile kifuani. Gramafoni ilipofika, yeye alikuwa ameshakunja baadhi ya nguo zake kwenye mfuko. Alikuwa anasubiri vitunguu anavyouza stendi viishe, aende kwa kaka yake Stanley, kule Iramba, na hakuwa na mpango wa kurudi.

*

Gaspari alifanya yote anayoyajua. Alitoa mkanda, akausafisha kwa spiriti. Akauloweka kwenye maji ya moto ili ujikaze. Akatia tone la mafuta kwenye mota. Winfrida alikuwa amemwachia santuri nyingine ya muziki wa dansi ya kujaribia, maana ile ya mama yake hakukubali ilale nje ya nyumba yao. Gaspari akaiweka, akasikia gitaa zito na ngoma. Akaridhika.

Mimi nyuma ya bati nilikuwa nausikia mluzi, ule ule. Nikajua bado yuko kazini. Mara moja nilichungulia.

"Baba Gerald, hicho kimluzi kinatoka wapi?"

Akainua uso, akatabasamu. "Salama kabisa, namshukuru Mungu."

Nikacheka, nikarudi kwenye sketi zangu. Nilidhani hataki kusumbuliwa.

Winfrida aliporudi, Gaspari alimpokea kwa furaha. "Tayari, dada. Mkanda umekaza." Akawasha. Sahani ikazunguka, gitaa likaanza, na juu ya gitaa ule mluzi.

Winfrida alimtazama. "Fundi, mbona bado?"

"Bado nini?"

"Inalia."

Gaspari alikuwa anaangalia mdomo wa Winfrida. Nilimwona, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na uzi mkononi. Akasema, "Hiyo ni santuri yenyewe. Imechubuka."

Winfrida hakubishana. Aliunyanyua mkono wa sindano, akauweka pembeni. Muziki ukakata. Mluzi ukaendelea peke yake, kibanda kizima.

"Haya. Sindano nimeinua. Bado inalia. Fundi, unanitania?"

Gaspari aliitazama sindano, akaitazama sahani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Winfrida akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakimshuka huku anaongea.

"Baba hali tena. Uji anaulamba tu. Kila nikiingia ananiuliza kama mashine imepona. Singida Mjini wamenikatalia. Mmoja aliniambia niitupe, mwingine akasema nirekodi kwa simu, nimerekodi, nimepata mluzi na mama kwa mbali. Mashine kama hii hakuna mwingine aliye nayo. Kwa nani tena niende?"

"Niachie," Gaspari alisema.

"Utaweza?"

"Niachie, dada."

Winfrida akaondoka bila kuaga. Na Gaspari, ambaye sijawahi kumwona akiangusha hata skrubu, aliangusha bisibisi.

Mchana ule alijifungia. Baadaye alimweleza Emiliana, naye akanieleza mimi, alichokuwa anafanya mle ndani. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni. Alisikia mota ikinguruma. Akaishika bisibisi kwa meno, akiinamia mashine kama ng'ombe anayelamba chumvi, akitumaini mluzi utampitia mfupani. Akahisi mtetemo. Mluzi hapana. Akazima, akawasha. Akaziba sikio moja, kisha jingine. "Nilijua upo," alisema, "kwa sababu nyuso za watu zilikuwa zinakunjamana." Akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Akaanza kuhesabu katika kichwa chake sauti ambazo hajazisikia siku nyingi: mvua ndogo kwenye bati, mafuta kikaangoni, mkewe akiimba asubuhi. Hakukumbuka ni lini hasa kila moja iliondoka. Hakuna iliyoaga.

*

Jua likiwa bado kali, alifungua mlango akatoka. Alitembea kuelekea nyumbani, ng'ambo ya barabara. Basi la Dodoma lilikuwa limesimama na wauzaji wamelizunguka, wanainua vitunguu, asali na kuku madirishani. Emiliana alikuwa mmoja wao. Gaspari akapita nyuma ya basi akaingia barabarani bila kutazama upande.

Bodaboda ilikuwa inakuja kasi, dereva anapiga honi. Zile honi nyembamba. Emiliana aliona. Akatupa beseni la vitunguu, akapiga kelele: "Baba Gerald! Baba Gerald! Gaspari!" Watu wote wa stendi waligeuka. Hata waliokuwa ndani ya basi walitoa vichwa. Gaspari peke yake hakugeuka.

Pikipiki ilimkwangua begani ikamwangusha. Dereva aliyumba, akasimama mbele, akageuka na matusi.

"Mzee, huna masikio?"

Kuna walioguna, kuna waliocheka. Emiliana alifika akihema. Hakumwinua. Alisimama mbele yake, na maneno yakamtoka yote mbele za watu.

"Nimekuita! Nimekuita mpaka koo limekauka! Hata kufa unaona afadhali, kuliko kunijibu mimi?"

Gaspari alikuwa amekaa kwenye vumbi, damu kwenye kiwiko. Akamtazama. Safari hii alikuwa mbele yake, uso kwa uso, na alimwelewa.

"Emiliana," alisema. Hakusema Mama Gerald kama siku zote. "Sisikii."

"Nini?"

"Sisikii. Sikusikia pikipiki. Sikukusikia wewe. Sijakusikia siku nyingi."

Emiliana akapiga magoti pale pale, na mimi nilidhani atamkumbatia. Alimshika shati kifuani akamtikisa.

"Na mama? Siku ile ya mama?"

"Sikusikia. Nilidhani umeniletea chai."

Alimwachia. Akainuka, akaanza kuokota vitunguu vyake kimoja kimoja, akivipangusa kwa kitenge, machozi yakidondokea kwenye beseni.

Mtu anaweza kufikiri kwamba jambo kama hili likishasemwa, moyo unatulia. Wa Emiliana haukutulia. Jioni ile nilipowapelekea dawa ya kidonda, nilimkuta amesimama uani, mikono kiunoni, anamwambia mumewe kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili kwa zamu, kila neno kwa nguvu.

"Muda wote huu uliniacha nijione takataka! Nimejiangalia kwenye kioo nikajiuliza nimeharibika wapi. Nimefunga na kuomba. Nimefungasha nguo, Baba Gerald! Na wewe ulikuwa unajua!"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kuwa kama baba mdogo. Niliogopa mkijua mtaniweka pembeni."

"Pembeni ulijiweka mwenyewe. Ukaniweka na mimi."

Gaspari alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekunja kiwiko chenye kidonda, anamtazama mdomoni kwa bidii kama mtoto anayefundishwa kusoma. Nadhani hilo ndilo lililomlegeza Emiliana kidogo. Aligundua kwamba tangu aolewe, hakuna aliyewahi kumtazama hivyo akiwa anaongea.

Kabla sijaondoka nilimsikia Gaspari akisema, "Kuna mzee Mungaa anakufa. Mashine yake inalia, na mimi siwezi kujua inalia wapi."

Asubuhi Emiliana hakwenda stendi na vitunguu. Alikuja kibandani.

*

Siku ile niliwasikia tangu mwanzo mpaka mwisho, maana sasa ilibidi wote wawili waongee kwa sauti.

Gaspari alitoa mkanda, akawasha mota peke yake. "Inalia?"

"Kimya!"

Akazungusha sahani kwa mkono. "Sasa?"

"Hailii!"

Akarudisha mkanda. Kabla hajauliza, Emiliana alikuwa ameziba masikio. Wakakubaliana kuacha kupiga kelele: kukiwa na mluzi ainue kidole, ukikoma afumbe mkono. Gaspari akawa anagusa mkanda hapa na pale kwa kijiti, macho kwa mkewe. Kidole juu. Juu. Akagusa pale mkanda unapoipita puli, kile kigurudumu kidogo cha mota. Mkono ukafumba. Akaachia, kidole juu. Akagusa, mkono ukafumba.

"Hapo!" Gaspari alisema. "Ni hapo. Raba imekuwa ngumu. Inateleza kwenye puli, ndiyo inapiga kelele."

Alijaribu kuupaka poda ya watoto. Mluzi ukafa, lakini mkanda ukateleza zaidi na wimbo ukalegea, sauti za watu zikawa kama za walevi. Akaupangusa. Akajaribu kuukwaruza kwa msasa, mluzi ukarudi na mwingine juu yake. Hakuna dawa zaidi ya mkanda mpya, na mkanda wa mashine ile hakuna duka la Singida linalouuza. Alipekua maboksi yake yote. Mikanda ya redio kaseti alikuwa nayo, mifupi, haizunguki hata nusu ya njia.

Winfrida akapiga simu. Emiliana ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akaitikia, akaiweka chini, akamsogelea mumewe mpaka akawa mbele ya uso wake.

"Anasema mzee tangu asubuhi hajafungua macho. Anasema kama haijawezekana tumwambie tu, asiendelee kumdanganya mzee."

Gaspari alikaa kwenye ndoo. Akaweka kichwa kwenye mikono. Nilizunguka nikaingia kwao, kwa sababu nyuma ya bati sikuweza tena kujifanya ninashona. Nje alipita mtu anasukuma toroli lenye mifuko ya saruji, gurudumu linalalamika, na Emiliana akakunja uso kwa ule mlio. Gaspari akaona uso umekunjamana, akageuka kutazama ni nini. Akaliona toroli. Akaendelea kulitazama hata lilipokuwa limeshapita.

"Tyubu," alisema.

"Tyubu ya nini?"

"Ya toroli. Upande wake wa ndani ni duara dogo. Ukikata utepe kuzunguka pale, unapata mkanda mzima, hauna kiungo."

Tulipata tyubu kuukuu ya toroli kwa fundi baiskeli. Gaspari akaupima mkanda wa zamani, akachora mstari kwa chaki yangu. Kukata nilikata mimi, kwa mkasi wangu wa vitambaa ambao simpi mtu. Utepe wa kwanza ulitoka mnene huku, mwembamba kule, na wimbo ukapanda na kushuka. Nikakata wa pili nikiwa nimebana pumzi. Gaspari akausugua kwa msasa laini muda mrefu, akaupitisha kati ya vidole, akausugua tena, akauvalisha.

Sahani ikaanza kuzunguka. Emiliana aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa umefumba. Tukasubiri. Ukabaki umefumba.

"Hakuna mluzi," alisema. "Hakuna kabisa."

"Lakini kuna mngurumo," Gaspari alisema. "Chini, mzito. Unatoka kila sahani ikimaliza mzunguko."

Mimi na Emiliana hatukuwa tumeusikia. Akatoa mkanda, akatafuta pale paliponenepa, akapasugua. Akarudisha. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakafunga mashine kwenye blanketi, wakapanda bodaboda, Gaspari nyuma ya dereva na Emiliana nyuma yake akiishikilia mashine katikati yao, wakaenda Mungaa.

*

Nyumba, kama Emiliana alivyonisimulia, ilikuwa imejaa ndugu. Wanawake walikuwa wamekaa chini ukumbini, ng'ombe hawajakamuliwa, mambo yote yamesimama kama inavyokuwa watu wanaposubiri. Winfrida aliwapeleka moja kwa moja chumbani. Mzee Alute alikuwa amelala chali, mdogo sana chini ya shuka, mdomo wazi. Gaspari akamwamkia kwa heshima ingawa hakutegemea jibu. Akaweka mashine juu ya meza, akachomeka kwenye betri ya sola ya nyumba, akasimama kando.

Winfrida akatoa santuri kwenye jalada lake, akaipangusa kwa kanga, akaishusha sindano.

Gaspari alisikia ngoma. Akasikia sauti za wanaume wa kwaya, nzito, zikipanda pamoja. Akashusha pumzi. Halafu wale wanaume wakanyamaza, ngoma ikapungua, na yeye akabaki anasikia ule mtetemo mdogo wa ngoma tu. Alidhani mashine imekufa. Akaruka kuishika, Emiliana akamdaka mkono.

Akatazama watu. Winfrida alikuwa amejiziba mdomo. Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja wao mzee amefumba macho na kutikisa kichwa taratibu kufuata kitu. Kitandani, Mzee Alute alikuwa amefungua macho. Midomo yake ilikuwa inasogea. Hapo ndipo Gaspari alipoelewa kwamba Severina anaimba.

Alisimama pale wimbo mzima. Wanaume waliporudi aliwasikia, walipomwachia Severina nafasi aliingia tena kwenye ule utupu. Watu walilia kwa kitu kilichokuwa ndani ya chumba kile, karibu na mkono wake, kitu alichokirudisha yeye, na yeye hakuwa nacho. Naye akaanza kulia. Ndugu waliomwona walimsifu kwa moyo wake laini.

Santuri ilipoisha, Mzee Alute alisema neno. Winfrida akainama, akalirudia kwa wote: "Anasema, ndiye." Halafu wakaipiga tena.

Nje, chini ya ukingo wa paa, Gaspari alimuuliza mkewe, "Aliimba vizuri?"

Emiliana alimgeukia ili auone mdomo wake. "Vizuri sana. Sauti nyembamba."

"Kama yako?"

"Ya kwake ilikuwa nzuri."

Gaspari akasema, "Ya kwako siikumbuki tena," na Emiliana akatazama pembeni, akasahau kwamba akitazama pembeni hawezi kumjibu.

*

Mzee Alute aliishi siku chache baada ya hapo. Winfrida alileta habari mwenyewe, pamoja na debe la alizeti, na Emiliana na Gaspari walikwenda kuzika.

Baadaye walikwenda hospitali Singida. Daktari alimpima, akasema ni neva za ndani ya sikio, zikishakufa hazifufuki. Kuna vifaa vya kuvaa, alisema, vinasaidia kidogo kwa baadhi ya watu, na akaandika jina lake kwenye orodha ya wanaosubiri. Bado anasubiri.

Kuhusu wateja, alichokiogopa Gaspari kilitokea. Habari za stendi zilisambaa, na waliokuwa wanaleta redio na sabufa wakaanza kupita mbele ya kibanda wakiwa wamezibeba, wanazipeleka kwingine. Wengine walitazama chini wakipita. Vijana wa bodaboda walimpa jina la utani ambalo sitaliandika. Kibanda hakukifunga. Anatengeneza taa na chaja, vitu visivyo na sauti. Kuna siku nzima hapiti mtu, naye anakaa pale mikono ikiwa mapajani, akiangalia midomo ya watu barabarani.

Emiliana hakwenda Iramba. Zile nguo alizirudisha kabatini, ingawa aliniambia kwamba siku aliyozirudisha hakuwa na furaha, alikuwa amechoka tu. Bado hukasirika. Bado huongea akiwa nyuma yake, akakumbuka, akazunguka mbele, akaanza upya, na mara ya pili neno linakuwa limepoa. Na nyumbani kwao hakuna siri tena. Akitaka kumwambia mumewe jambo, lazima apaze sauti, na majirani tunasikia la watoto, la ugonjwa, hata yale ambayo mke na mume huambiana kwa kunong'ona.

Kwa hiyo siku hizi, wakiwa na la kuzungumza, wanakwenda shambani. Wanaingia katikati kabisa ya alizeti zilizowapita urefu, wanasimama uso kwa uso, na Emiliana anaongea kwa nguvu zake zote. Anayepita njiani husikia mwanamke anapiga kelele peke yake, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya mwanamume inauliza, "Umesemaje?"

Naye anaanza tena.